KARAMU YA ARUSI ISIYOACHA DENI

Somo kwa jamaa, wachumba na kamati za arusi
Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Luka 14:28-30, Yohana 2:1-11, Yohana 6:5-13, 1 Wakorinto 11:20-22

 

Hapa kwetu Bunyakiri, kutoka Bulambika mpaka Hombo, kuna vijana wengi waliokwisha kupatana. Mahari imeanza kutolewa, wazazi wa pande mbili wamesalimiana, na hakuna kizuizo kingine. Lakini arusi haifiki. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Hatujapata feza ya karamu." Mwaka unapita, wa pili unapita. Mwishowe wanakaa pamoja bila baraka, jambo ambalo watu wanaliita "yaka tofanda". Mtoto wa kwanza anazaliwa, wa pili anazaliwa, na baba na mama wanaona haya kufika mbele ya kanisa.

Wengine wanafanya kinyume. Wanakopa, wanaweka mbuzi na shamba kuwa rehani, wanalisha watu wote siku moja, na juma linalofuata mwenye kudai anasimama mlangoni pa nyumba mpya.

Somo hili linataka kuonyesha kwamba njia hizo mbili si za lazima. Karamu nzuri inaweza kupangwa kwa mavuno ya hapa, kwa hesabu iliyo wazi, na kila mtu aliyekuja akala.

1. NDOA INADAI NINI?

Tuanze kwa kutenganisha ndoa na karamu. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inadai mambo machache: bwana na bibi wawe wametimiza miaka 18, wakubali wao wenyewe, jamaa wapatane juu ya mahari, na ndoa iandikishwe mbele ya mwandishi wa serikali. Tafuteni katika sheria hiyo mstari unaoamuru kulisha watu 400: hamtauona.

Kanisa nalo linaomba maagano na baraka. Karamu ni furaha inayofuata. Ni kitu chema, kwa maana Bwana wetu mwenyewe aliitika mwaliko wa arusi kule Kana. Lakini furaha ikizuia baraka isifike, imechukua kiti kisicho chake.

Tukumbuke mwaka wa 2020. Tarehe 18 Machi mwaka ule, sababu ya ugonjwa wa Covid, Raisi wa Jamhuri alikataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Kwa miezi kadhaa karamu kubwa hazikuruhusiwa katika Kongo yote. Je, waliobarikiwa wakati ule wakiwa na wazazi na mashahidi tu, ndoa zao ni pungufu? Hakuna anayesema hivyo.

2. HESABU WATU MBELE YA KUHESABU CHAKULA

Katika Luka 14, Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kuhesabu garama. Kamati nyingi za arusi zinaanza na swali la nyama: "Tutachinja ng'ombe au mbuzi?" Swali la kwanza linapaswa kuwa: "Tutakuwa watu wangapi?"

Chukueni kaye, mwandike majina kwa mafungu: jamaa ya bwana arusi, jamaa ya bibi arusi, wazee na wahubiri, kwaya, majirani wa lupango, wageni wanaotoka Bukavu au Hombo, na wale wanaopika na kutumika. Msisahau watoto. Kwetu mwaliko unaandikwa jina la baba peke yake, lakini wanaofika ni baba, mama na watoto 3. Mtoto mdogo ahesabiwe nusu ya mtu mzima.

Mkipata jumla, mwongeze sehemu moja kwa tano kwa ajili ya wale wanaokuja bila kualikwa, kwa maana kijijini hatufukuzi mtu kwenye arusi. Kama hesabu yenu ni watu 125, mpike kwa ajili ya 150. Lakini kama feza yenu inatosha watu 80 tu, basi mpunguze mialiko leo. Kupunguza mialiko mwezi mmoja mbele ya arusi kunaleta manunguniko machache. Kukosa chakula mbele ya wakwe kunaleta haya inayosimuliwa miaka mingi.

3. PIKENI MAVUNO YA HAPA

Bufe ni nini? Ni meza moja ambapo vyakula vyote vinawekwa pamoja, na kila mgeni anapita na sahani yake. Neno lilitoka kwa Wafaransa, na watu wengi wanafikiri kwamba lazima vyakula navyo vitoke mbali: mikate, viazi vya kukaanga, kuku wa friji, gato ya ngazi tatu kutoka Bukavu. Si lazima.

Bukavu iko karibu kilometa 80 kutoka kwetu. Barabara inapita Miti na kukata pori la Kahuzi-Biega, na wakati wa mvua gari linaweza kulala njiani. Vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, kila mtu aliona jinsi njia na bei vinavyoweza kugeuka kwa siku chache. Arusi inayongojea gari la vyakula ni arusi yenye mashaka. Arusi inayopika vitu vya shamba na vya soko la Bulambika inalala usingizi.

Tuangalie tulivyo navyo. Tuna muhogo, ndizi, mchele, mahindi. Tuna maharagi, karanga, sombe, lengalenga. Tuna mawese. Tuna mbuzi na kuku, na samaki wa mabwawa. Kutoka ziwa Kivu tunapata sambaza waliokaushwa. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanasaidia nyumba nyingi zisizoweza kununua nyama. Kwa matunda tuna ananasi, papai, maembe na ndizi mbivu.

Tena chagueni majira. Maharagi mapya yanafika sokoni karibu na Januari na tena karibu na Juni, na wakati ule bei inashuka. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, inawaondolea vilevile garama ya kukodi shitingi nyingi.

Neno moja juu ya nyama ya pori. Wengine wanataka kuheshimu wakwe kwa nyama iliyotegwa ndani ya Kahuzi-Biega. Pori lile liliwekwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1970, na tangu 1997 liko katika hesabu ya urizi wa dunia ulio hatarini. Kuwinda mle ni kuvunja sheria. Zaidi ya hayo, kushika na kuchuna nyama ya nyani na ya wanyama wengine wa pori kunaweza kuleta magonjwa makali kama Ebola na mpox. Nyama ya namna hiyo isionekane kwenye meza ya arusi.

4. KIPIMO KWA WATU 150

Hapa tunatoa mfano. Mnaweza kuugawanya kwa mbili kwa watu 75, au kuongeza kadiri ya hesabu yenu.

- Mchele: kilo 12. Mchele ukiiva uzito wake unakuwa karibu mara tatu.
- Unga wa bugali, wa muhogo au wa kuchanganya na mahindi: kilo 12.
- Ndizi za kupika: mikungu 4 mikubwa.
- Maharagi makavu: kilo 8. Yakiiva yanapita kilo 18.
- Sombe: mabeseni 3 makubwa ya majani mabichi, pamoja na kilo 3 za karanga za kutwanga.
- Sambaza wakavu: kilo 3, kwa mchuzi wa nyanya au ndani ya sombe.
- Mbuzi: 2 wa kadiri. Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai anatoa karibu nusu, yaani kilo 12 za nyama pamoja na mifupa. Kila mtu anapata vipande viwili vidogo na mchuzi.
- Mawese: lita 5. Chumvi: kilo 1 na nusu. Vitunguu: kilo 5. Nyanya: kilo 8.
- Matunda: ananasi 25, kila moja ikatwe vipande 6.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, mkitaka kuku badala ya mbuzi, kuku mmoja anatoa vipande 8. Kwa watu 150 mnahitaji kuku 19 kusudi kila mtu apate kipande kimoja. Ulizeni bei zote mbili sokoni, mlinganishe, kisha mchague. Kuweka mbuzi, kuku na ng'ombe pamoja kunaongeza garama, lakini hakuongezi shibe, kwa maana kila mgeni atataka kuonja vyote vitatu.

La pili, maharagi na karanga vinajenga mwili karibu kama nyama. Sufuria ya maharagi yaliyoungwa vizuri kwa mawese na vitunguu ndiyo inayookoa karamu wakati nyama imekwisha.

Sokoni vitu vinapimwa kwa kopo la guigoz au kwa sahani. Pimeni kopo moja kwa mzani kwanza, mjue linabeba gramu ngapi, halafu ndipo mnunue. Makopo hayalingani, na mengine yamepondwa chini.

Kwa vinywaji, sisi hatuweki pombe mezani, na hivyo garama moja kubwa imekwisha kuondoka. Isirudi kwa mlango wa nyuma, kwa masanduku ya pombe yanayofichwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya "wageni wa heshima". Soda za chupa kwa watu 150 ni masanduku 7 ya chupa 24. Kama feza haitoshi, fanyeni maji ya ananasi au ya marakuja kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na soda ziwekwe kwa maarusi na wazee wa pande mbili tu, baada ya kuwaeleza watu wote mapema.

5. MEZA NA WAPAKUAJI

Wengi wanasema bufe inamaliza chakula upesi. Inamaliza kama meza haina mpango. Watu 20 wa kwanza wanajaza sahani mpaka nyama inaanguka, na watu 20 wa mwisho wanakuta mchuzi na mifupa. Mtume Paulo alikemea jambo hilo kule Korinto: huyu ana njaa, na yule amelewa, na maskini wanaaibishwa. Someni tena mistari ile. Karamu isiyo na usawa si karamu ya watu wa Mungu.

Basi mpange hivi:

Meza iwekwe katikati, mbali na ukuta, kusudi watu wapite pande zote mbili kwa mistari miwili. Sahani ziwe mwanzoni. Kisha bugali, mchele na ndizi, kisha maharagi, kisha sombe na sambaza, nyama iwe mwisho. Mtu akifika kwenye nyama, sahani yake imekwisha kujaa kwa vyakula vya bei ndogo.

Mgeni ajipakulie mwenyewe bugali, ndizi na maharagi. Nyama na sambaza vipakuliwe na mama wawili wenye busara, wasioogopa macho ya mjomba. Waambiwe kipimo mbele ya watu wote: vipande viwili, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Wa kwanza kupita wawe wazee wasioweza kusimama, wagonjwa, mama wenye mimba na watoto. Kisha wageni wa mbali. Kisha watu wote, safu kwa safu, wakiitwa na mtu wa protokoli. Hatusemi kwamba maarusi na wazazi wasiketi mahali pa heshima. Ni haki yao. Lakini chakula cha meza ile kitoke katika sufuria moja na chakula cha wengine. Desturi ya kuweka kuku kwa watu 12 wa mbele na kuwaachia wengine maharagi inavunja mioyo kuliko kukosa nyama kabisa.

Chakula cha wapikaji na cha vijana wanaochota maji kitengwe mapema katika sufuria yake yenye kifuniko. Mama waliokesha kwenye moshi wa kuni wasiende nyumbani na njaa.

6. USAFI WA CHAKULA

Karamu inaweza kugeuka matanga. Kipindupindu kinatembea mara kwa mara katika Kivu, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe, na mahali pa kunawa mikono kwa sabuni pawe mwanzo wa kila mstari, na kijana mmoja asimame pale.

Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kusudi sumu ya muhogo itoke na mvuke. Mchele usipikwe jana yake na kulala sufuriani. Wali uliolala katika joto unatapisha watu hata ukipashwa tena. Maharagi na nyama vinaweza kuanza usiku, lakini vibaki motoni mpaka wakati wa kula. Chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kama ibada imekawia, meza nayo ingojee: chakula kitolewe wakati watu wamekwisha kuketi.

7. FEZA ITATOKA WAPI?

Kwa majirani zetu wa Tanzania na Kenya, kamati za arusi zinakusanya michango ya ndugu na rafiki miezi mingi mbele ya siku yenyewe. Sisi pia tuna desturi ya kusaidiana, na inafaa kuitengeneza vizuri.

Kwanza, pokeeni vitu, si feza tu. Mama asiye na franga anaweza kuleta mkungu wa ndizi, kilo 2 za maharagi au mzigo wa kuni. Jirani anaweza kukopesha sufuria, mabeseni na mabenchi. Kila kitu kiandikwe katika kaye, na kaye ibaki kwa maarusi, kwa maana nao kesho wataitwa kusaidia wengine.

Pili, watu watatu washike feza: mmoja anaandika, mmoja anatunza, mmoja ananunua. Hesabu isomwe mbele ya wazazi wa pande mbili kabla ya arusi na juma moja baada yake. Tumeona undugu ukivunjika kwa sababu ya feza kidogo isiyoandikwa.

Tatu, vijana waweke akiba. Vikundi vya AVEC viko katika vijiji vyetu vingi. Njia ile ilianzishwa Niger mwaka wa 1991 kwa msaada wa CARE, na imeenea Afrika: watu wanaweka hisa kila juma, na mwisho wa mwaka wanagawana. Mchumba anayetia kidogo kidogo kwa mwaka mmoja anajua mapema karamu yake itakuwa ya kiasi gani.

Nne, kimbieni Banque Lambert. Hesabu ni rahisi. Ukikopa dola 200 kwa faida ya 20 kwa 100 kila mwezi, unadaiwa faida ya dola 40 kila mwezi. Kwa miezi 6 umelipa dola 240, na zile 200 zingali zinakungoja. Feza hiyo ingeweza kununua mabati, mbuzi wa kufuga, au kulipa mkunga siku mtoto atakapozaliwa. Na shamba lisiuzwe kwa ajili ya karamu. Wageni watakula kwa saa mbili. Shamba lingelisha watoto wa nyumba ile miaka 30.

Wazazi, neno hili ni lenu zaidi. Mara nyingi kijana anataka karamu ndogo, lakini baba mkwe au shangazi anasema: "Binti yetu hatatoka kama mjane." Heshima ya binti yenu itaonekana katika nyumba yenye amani. Msimtume na deni.

8. MAKOMBO

Baada ya watu 5,000 kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, na vikapu 12 vilijaa. Yeye aliyeweza kufanya chakula kwa neno hakuruhusu kitu kipotee. Basi siku ile ile jioni, mbele ya giza, chakula safi kilichobaki sufuriani kipelekwe kwa wajane, kwa wagonjwa wa hospitali ya Bunyakiri na walinzi wao, na kwa majirani wasiofika. Kilicholala nje au kilichoguswa mezani kipewe wanyama.

Tunajua kwamba kule Kana divai ilipungua, na Bwana akasaidia. Wengine wanaweka muujiza ule kuwa sababu ya kutohesabu. Lakini mle ndani mama yake aliona upungufu mapema na kuusema, na watumishi walijaza mitungi 6 ya maji mpaka juu kwa mikono yao. Tujaze mitungi yetu kwanza.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika parokia yetu kuna wachumba wangapi wanaongoja baraka kwa sababu ya karamu tu? Kikundi chetu kinaweza kuwaletea nini: kuni, ndizi, sufuria, mikono?
2. Wazazi wakubali kitu gani kusudi arusi ya watu 80 isizarauliwe?
3. Nani katikati yetu anaweza kutunza kaye na kusoma hesabu bila woga?
4. Je, kwenye arusi ya mwisho tuliyohuzuria, mtu wa mwisho katika mstari alikula nini?

Wapendwa, mjaribu mambo haya katika arusi inayokuja, na mlete habari kwa wazee kusudi wengine wajifunze. Mungu wa amani abariki nyumba mpya zote za Bunyakiri, na azilinde na njaa, na vita, na deni. Amina.